Hondohondo Aliyeomba Mti wa Mkewe Ukatwe

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama watu walionyimwa chai. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nasikia watu. Sogeeni karibu. Na wewe mzee huko nyuma usijifanye umesinzia, hadithi hii ni yako pia.

Hapo zamani za kale, wabunge walipokuwa na mikia na hawakuona haya kuionyesha, wanyama walikuwa na Bunge lao. Spika alikuwa Kiboko. Alikaa dimbwini, macho nje, mwili ndani, na kila akipiga miayo wabunge walidhani anataka kusema, wakasimama. Waziri wa Kilimo na Misitu alikuwa Nyani. Naam, Nyani! Mwizi wa mahindi kapewa mahindi ayalinde. Msiniulize mimi, muulizeni aliyempa.

Upande wa Serikali walijaa tele, wakagusana makalio. Upande wa Upinzani alikaa mmoja tu. Huyo alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Aliwasemea wakulima wadogo, akina Digidigi na Kwale na Fuko, waliolima kunde na mtama chini ya msitu, pale chemchemi inapotoka.

Sasa, Bunge lile lilikuwa na desturi zake. Upinzani ukisema ndiyo, Serikali inasema siyo. Hondohondo akisema mvua inanyesha, Serikali nzima inatoka nje bila mwavuli, inalowa chapachapa, inarudi inachuruzika, inasema, "Jua kali sana leo."

Na tena, mheshimiwa hakai chini. Wala hakalii kiti alichokalia mheshimiwa mwingine, ni mwiko. Kila tume ikiundwa, lazima ichongewe viti vipya. Viti vya nini? Vya mti. Mti unatoka wapi? Mnajua wenyewe.

Basi siku moja Hondohondo akasimama. "Mheshimiwa Spika! Msitu unakwisha. Chemchemi imeanza kupungua. Wakulima wangu wanachota matope. Serikali inasema nini?"

Nyani akasimama, akajikuna, akasema, "Mheshimiwa Spika, msitu haukwishi. Na ili kuthibitisha kwamba haukwishi, Serikali itaunda tume."

Wabunge wakapiga meza. Pa! Pa! Pa!

Tume ikataka viti. Tembo, fundi wa Serikali, akaenda msituni. Kraaa! Puuu! Miti chini, viti juu. Tume ikakaa, ikanywa uji, ikasema msitu haukwishi.

Hondohondo akasimama tena. "Swali la nyongeza! Mbona tume yenyewe imekata msitu?"

"Haijakata," akasema Nyani. "Tutaunda tume ya kuthibitisha kwamba tume haijakata."

Pa! Pa! Pa! Tembo akaenda msituni. Kraaa! Puuu! Miti chini, viti juu.

Jamani, mwaka ule palikuwa na Tume ya Umande, na Tume ya Kivuli, na Kamati Ndogo ya Kuchunguza Kwa Nini Fuko Analalamika Akiwa Chini. Zote zimekaa. Hakuna aliyesimama isipokuwa Hondohondo, na kila akisimama mti unaanguka.

Na yeye alijiona simba! Jioni aliruka nyumbani, vuuu, vuuu, kifua mbele. Wakulima wakamshangilia njiani, "Mtetezi wetu! Leo umewapa!" Naye akainamisha mdomo kwa madaha.

Nyumbani kwake ni wapi? Kwenye mvule mkubwa. Mnajua hondohondo wanavyoishi? Mke akitaka kutaga huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani manyoya yake ya kurukia hupukutika yote. Hawezi kuruka, hawezi kutoka, mpaka makinda wakue. Mume ndiye mikono, mume ndiye miguu, mume ndiye soko. Basi Bi Hondo alikuwa humo, juu ya mayai yake, na ulimi wake haukuzibwa hata kidogo.

"Umerudi?" akauliza ufani.

"Nimerudi, mke wangu. Leo nimewasha moto bungeni."

"Moto unapika nini? Lete hilo kuyu, nina njaa."

Akampa lile tunda la mkuyu. Bi Hondo akameza. Kisha akasema, "Baba watoto, zamani kelele za Tembo nilikuwa nazisikia kwa mbali, kama mtu anakohoa bondeni. Leo mayai yametikisika. Wewe kule unauliza nini hasa?"

"Nauliza habari za msitu!"

"Basi uliza habari za kitu kingine."

Hondohondo akaudhika, akalala amenuna.

Asubuhi Bungeni Nyani akatangaza. "Mheshimiwa Spika, kwa kuwa tume zimekuwa nyingi, tunaunda Tume Kuu ya kuzisimamia. Viti vyake vitachongwa kwenye ule mvule mkubwa. Kesho."

Hondohondo moyo ulimpasuka. Mvule ule ni mmoja tu! Akaruka juu bila ruhusa. "Usikatwe! Nawaomba! Mke wangu yumo ndani, na mayai yangu! Kwa jina la mama zenu, usikatwe!"

Wengine walimwonea huruma, sitawasingizia. Pundamilia alifuta machozi. Lakini Upinzani umesema usikatwe. Mnaijua desturi. Kiboko akauliza, "Wanaotaka ukatwe?" Bunge zima likasema, "Ndiyooo!" Pundamilia akasema ndiyo huku analia.

Hondohondo akarudi nyumbani. Hata vuuu haikusikika. Akamweleza mkewe kila kitu.

"Umewaomba?" akauliza Bi Hondo.

"Nimewaomba."

"Basi umenichinja." Kisha akasema polepole, "Watu ambao ukiwaambia moto unaunguza wanashika kaa, wewe umewaambia usikatwe. Na mimi manyoya sina. Yai moja limeanza kugongwa kutoka ndani, Baba watoto. Weka sikio usikie."

Akaweka sikio. Ko. Ko. Ko.

Hondohondo akalia. Alilia kweli, mdomo wote ule ukitetemeka. Alipomaliza kulia, akakaa akifikiri maneno ya mkewe, yale ya kaa la moto. Akayageuza huku, akayageuza kule.

Kulipokucha, Bunge lote lilikuja chini ya mvule kushuhudia. Kiboko alibebwa pamoja na dimbwi lake. Msicheke, alibebwa nalo! Wakulima nao wakaja, wakiwa na hasira. Tembo akaweka paji la uso kwenye shina.

"Mheshimiwa Spika!" akaita Hondohondo. "Kabla ya kukata, nina hoja!"

"Toa," akasema Kiboko.

"Nimebadili msimamo. Mvule huu ukatwe. Ukatwe leo, sasa hivi, mpaka mizizi! Ukiisha huu, ikatwe yote iliyobaki. Mahindi tupande juu ya mawe!"

Hata nzi walitua. Digidigi akaachia mdomo wazi. Na ndani ya mti, Bi Hondo alisikia kila neno.

Nyani akajikuna mkono wa kulia. Akajikuna wa kushoto. Akamgeukia Fisi, akanong'ona, "Huyu amekubaliana na sisi?"

"Naona amekubali," akasema Fisi.

"Kwa hiyo tumeshinda?"

"Naona tumeshinda."

Fisi akaanza kupiga makofi. Pa. Pundamilia naye, pa. Loo! Makofi yakaanza kukolea, na Tembo akaanza kusukuma. Kraa... Udongo wa mlangoni ukamomonyoka kidogo. Maskini Hondohondo! Sasa ameomba mkewe auawe, na wamemkubalia!

Akapaza sauti mpaka ikapasuka. "Na itangazwe, Mheshimiwa Spika! Itangazwe nchi nzima kwamba wazo hili ni la Upinzani! Serikali inatekeleza sera yetu! Ahsante, Waziri, kwa kunitii!"

Makofi yakakatika.

"Kumtii nani?" akauliza Nyani.

"Mimi."

Nyani alirukaruka, manyoya yamesimama. "Mwongozo, Mheshimiwa Spika! Haiwezekani! Serikali hii haijawahi kutekeleza sera ya Upinzani, na haitaanza leo! Tembo, toa kichwa hapo! Kumbe huyu ndege ni adui wa misitu! Mti huu hautakatwa! Hautakatwa hata mmoja! Nataka sheria!"

"Napinga!" akalia Hondohondo. "Ikatwe! Ikatwe!"

"Wanaotaka ikatwe?" akauliza Kiboko.

"Ndiyo," akasema Hondohondo peke yake.

"Wasiotaka?"

"Siyooooo!"

Sheria ikapita papo hapo: atakayekata mti, mkia wake utakatwa. Wakaiita Sheria ya Nyani. Nyani akavikwa shada la majani, akabebwa juu juu. Wakulima wakaimba jina la Nyani. Kisha wakamgeukia Hondohondo, wakamtupia makokwa. Digidigi alilenga vizuri kuliko wote.

Uchaguzi ulipofika, Hondohondo hakupata kura hata ya Fuko, na Fuko haoni anampigia nani. Kiti chake kikaenda kwa Kasuku, aliyekuwa na maneno mazuri, yote ya watu wengine.

Lakini msitu ulitulia. Chemchemi ikarudi, ikajaa, mtama ukasimama kifuani. Mwishowe udongo ukabomolewa, Bi Hondo akatoka na manyoya mapya, na makinda nyuma yake wakipepesuka. Akamtazama mumewe, kachakaa, kakonda kwa kulisha.

"Ile sauti yako siku ile," akasema, "nilijua. Mtu anayetaka mkewe afe hatetemeki vile." Akamsogelea, wakakaa bega kwa bega.

Digidigi alipita hapo chini kwenda kunywa maji. Akawaona. Akatema mate. "Msaliti!" akasema. Kisha akainama chemchemini, akanywa, akanywa, tumbo likajaa ndi.

"Maji matamu?" akauliza Hondohondo.

"Matamu," akasema Digidigi, hamtazami.

"Basi kunywa, ndugu yangu."

Wenzangu, fundisho ni hili: anayewatetea watu kweli hutazama kama kile anachokitetea kimebaki salama, hatazami kama jina lake limebaki safi. Makofi hayanyweshi shamba.

Hadithi yangu nimeitua hapa, mzigo ni wenu sasa. Mwenye kuubeba aubebe, na mwenye usingizi akalale.