Mlango wa Bi Sikudhani

Mpiga hodi hakani nyumba.

Mmeyasikia leo asubuhi, vijana, mama mmoja akimwambia mgombea aliyekuja kuomba kura kwa watu wale wale ambao mwaka jana aliwaita wavamizi, na mmetaka kujua maneno hayo yametoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Gulioni, na wapo ambao wangependa tuisahau.

Wakati huo mji wetu ulikuwa na vituko vitatu, wageni wakishuka kwenye basi kuvicheka. Cha kwanza kilikuwa pampu ya mafuta iliyokauka zamani, ambamo kuku walitagia. Cha pili, Chambuso na Mwinjuma. Hao walikuwa wabia wa viatu vya mitumba. Walipogombana wakagawana mali, Chambuso akachukua vya kushoto, Mwinjuma vya kulia. Mteja alivaa mguu mmoja kwa huyu, akavuka barabara kuutafuta wa pili kwa yule. Kituko cha tatu kilikuwa mlango wa Bi Sikudhani, na mlango huo haukuwa na nyumba.

Nyumba ilikuwapo. Ilikuwa mgahawa wa udongo, na mlango wake wa mvule aliuchonga marehemu mumewe, fremu akaichimbia chini kina cha kiuno cha mtu mzima. Siku moja ofisi ya soko ikaleta watu wenye sururu, ikasema barabara itapanuliwa. Barabara haikupanuliwa, si mwaka ule wala leo. Kuta zilianguka kabla ya adhuhuri, lakini fremu iliwashinda. Waliivuta, wakaitukana, wakaiacha.

Kesho yake Bi Sikudhani akaweka mafiga nyuma ya mlango, akapanga mabenchi, akawasha moto. Sharti lake lilikuwa moja: anayeingia apige hodi, apite mlangoni. Kushoto na kulia palikuwa wazi, hata ng'ombe angepita, lakini aliyezunguka hakupata chai. Watu walicheka siku mbili, ya tatu wakazoea. Wakawa wanafuta miguu kizingitini. Mlevi mmoja alibisha mpaka akalala pale pale. Na siku ya upepo mkali mteja alinung'unika kwamba waliomfuata hawakufunga mlango, na wote wakaona ana haki.

Mwenyewe hakucheka. Alijua sheria ya soko: kiwanja kikikaa miezi sita bila nyumba, kinarudi ofisini. Alijua pia kwamba shemeji wa bwana soko, mkuu wa ofisi ile, alikwisha kuonekana akikipima kwa hatua. Nguzo yoyote aliyoisimamisha, askari wa ofisi waliing'oa. Basi alikoroga uji na miezi ikaenda.

Mwezi wa sita ulipotimia, siku ya gulio, bwana soko, Semkiwa, akaja na karatasi. Ilikuwa imekwisha andikwa: hapa hapana nyumba wala mwenye nyumba. Ilibaki saini za wafanyabiashara wawili kama mashahidi, naye akawachukua waliokuwa karibu, Chambuso na Mwinjuma. Soko zima likafuata nyuma. Bi Sikudhani alikuwa ndani, upawa mkononi, mlango umefungwa. Hakuwa na hila yoyote. Alikuwa na mlango tu.

Semkiwa akafika. Angegeuza shingo kidogo tu angemwona mama wa watu pale alipo. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa na mama, na mkono wake ukapanda wenyewe, ukagonga.

"Hodi."

Bi Sikudhani akausogelea mlango.

"Hodi ya nani?"

"Mimi Semkiwa, wa ofisi ya soko."

"Unamtaka nani?"

"Nakutaka wewe, Bi Sikudhani."

Akamfungulia. "Karibu ndani, baba. Futa miguu."

Semkiwa akafuta miguu, akaingia. Aliposikia kicheko nyuma yake ndipo alipojua amefanya nini.

"Sasa nisomee hiyo karatasi," Bi Sikudhani akasema. "Soma kwa sauti, na walio nyuma wasikie."

Semkiwa akaishusha karatasi. "Ile hodi ni mazoea tu, mama."

"Mazoea ya kumbishia nani? Mbona ile pampu ya mafuta umeipita hukuibishia?"

Semkiwa akawageukia mashahidi, akawanyooshea kalamu. Chambuso akaweka mikono nyuma. "Mimi siweki saini," akasema. "Mpiga hodi hakani nyumba."

Mwinjuma alikuwa hajasemezana naye miaka minne. Akatazama pembeni. "Mwambieni huyo wa kushoto kwamba leo amesema kweli."

Walikubali kusaini maneno machache tu, na wakasimama pale mpaka Semkiwa alipoyaandika kwa mkono wake mwenyewe: Tulifika, tukabisha hodi, tukakaribishwa. Karatasi hiyo ilirudi ofisini hivyo hivyo, na hakuna aliyejua la kuifanyia. Juma lile lile watu wakaleta fito na udongo, wakajenga kuta kuufuata mlango. Askari wa ofisi walipita, wakatazama, wakaagiza chai.

Mlango ule mnaujua. Leo mmepita hapo. Wageni bado wanashuka kwenye basi kuutazama, ila hawacheki tena. Nanyi, akija mtu na karatasi inayosema hampo, msimtukane, wala msimkimbie. Fungeni mlango, mngoje mkono wake. Mpiga hodi hakani nyumba.