Husuda ya Zosimo kwa Nyumba ya Mjane

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba katika mji mmoja wa Frigia, zama ambazo waumini wa Masihi walikuwa bado wachache mno, aliishi mshona viatu aitwaye Zosimo. Waumini waliokusanyika kwake kusali walienea katika chumba kimoja.

Ng'ambo ya soko, kwa mjane Eutikia, walijaa hadi uani. Mjane huyo na watu wake waliwauguza wagonjwa waliotupwa na jamaa zao, wakawazika maiti wasio na mtu, hata wasioamini wakawa wanamwamkia njiani kwa heshima.

Zosimo, Mola amrehemu, akaingiwa na husuda. Kila familia iliyohamia kwa mjane ilimkosesha usingizi. Akisikia nyimbo zao, hufunga dirisha. Mkewe Filumena akamwambia, "Mume wangu, unamwomba Mungu aongeze waumini. Akiwaongeza kwa mwenzio, unanuna." Zosimo akainamia kiatu alichokuwa akishona.

Ikatokea liwali mpya akaamuru viongozi wa waumini wakamatwe. Zosimo akafikishwa barazani.

"Wafuasi wako hawajazi hata ua," liwali akamwambia. "Sina haja nawe. Nitajie nyumba iliyo kubwa kuliko yako, kisha nenda zako."

Jina la Eutikia likamjia Zosimo ulimini. Kulitaja kungekuwa kusema kweli, na wale wote waliomhama wangerudi kwake. Akaona haya mbele ya Mola wake. Kweli ambayo hakuwahi kuikiri hata mara moja, leo alitaka kuitumia kama kisu.

"Mimi ni muumini, bwana mkubwa," akasema. "Nyumba yangu unaijua. Ya mwingine sitaitaja."

Akachapwa mijeledi, akatiwa gerezani. Asubuhi Eutikia akaja mwenyewe, na mkate, na mafuta ya kumpaka majeraha. Zosimo akageuza uso.

"Usinihudumie, mama. Nimekuhusudu siku nyingi. Hata barazani jina lako lilinifika midomoni, wala si hofu iliyolileta. Ni wivu."

Mjane akaendelea kumpaka. "Nimekusikia, ndugu Zosimo. Nami nikuambie langu. Mwanangu alipofariki nyumba yangu ilifurika watu, na wengi hawakujua hata jina lake. Siku ile nilikitamani chumba chako, mnamojuana." Kisha akasema, "Haya, geuka. Bega hili bado."

Liwali yule alipohamishwa, Zosimo akaachiliwa. Watu wake hawakuongezeka. Inasemekana husuda ilimrudia mara kwa mara, na kila ilipomrudia alikwenda kwa mjane kuwaosha wagonjwa hadi moyo utulie.

Enyi wapendwa, husuda haikumtoka mja huyu kwa siku moja. Aliinyima tu ulimi wake, na Mola akamkubalia.