Vifaranga Ishirini na Sita kwa Njia ya Posta

Verna Tollefsrud alikuwa na mazoea ya kutangaza, hasa mbele ya wanawake wa kanisa baada ya kikombe cha pili cha kahawa, kwamba katika miaka yake themanini na mmoja hajawahi kusema uongo. Husubiri kwanza wanyamaze kwa heshima, kisha huongeza, "Ukiacha huu."

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Maana yake ni kuwa mwongo, hata akiwa na mbio za sungura, hafiki mbali kabla hajaumbuka. Wapo wanaobisha, wakamtaja mwongo fulani wanayemfahamu ambaye amefika mbali sana na bado anakwenda. Hao wasubiri. Njia yake haijaisha tu.

Uongo wa Verna tunaousimulia hapa ulizaliwa mwezi wa Februari, juu ya barafu. Alikuwa akipeleka ndoo ya maji ya moto kwenye banda la kuku, kwa kuwa maji ya kunywa ya kuku yalikuwa yameganda kama jiwe. Miguu ikamtoka, akaanguka chali, na kifundo cha mkono wa kushoto kikavunjika. Alilala pale karibu saa nzima, theluji ikimdondokea usoni, na kuku wake kumi na mmoja wakimtazama kupitia kidirisha cha banda kama watu waliolipa kiingilio, mpaka mleta barua alipomwona.

Mwanawe wa pekee, Merlin, alikuja mbio kutoka mjini anakofanya kazi, mwendo wa saa mbili kwa gari. Merlin alikuwa mtoto mwema, lakini wema wake ulikuwa kama dawa ya kikohozi: ulifaa, ila ulichoma koo. Alimuuguza mama yake wiki mbili, akamwoshea vyombo, akampikia viazi visivyoiva, na kabla ya kuondoka akawagawa kuku wote kwa majirani. Akamnunulia simu ya mkononi ya kuvaa shingoni kwa kamba, kama kengele ya ng'ombe, ili akianguka tena aweze kuita. Kisha akatoa hukumu. Alisema ameshamwandikisha katika nyumba ya kutunzia wazee pale Skarvik, chumba kipo tayari, na siku atakayosikia kuna kuku hata mmoja uani, siku hiyohiyo atakuja kumhamisha.

Verna akaapa kwamba ameacha kuku. Aliapa kwa kuinua ule mkono mzima, na wakati anaapa alimaanisha kila neno. Kiapo kikadumu siku tisa.

Kilichomponza kilifika kwa posta. Kila mwaka, theluji ingali imefunika nguzo za uzio, kampuni inayototolesha vifaranga humtumia kitabu chenye picha za rangi: kuku wekundu, kuku wenye madoadoa, kuku wenye manyoya hadi kwenye vidole kama waliovaa soksi. Verna alikuwa ameagiza vifaranga kila majira ya kuchipua tangu alipokuwa bibi harusi. Mwaka huu alikitupa kitabu kwenye pipa. Akakiokota, akakipangusa, akakificha chini ya godoro kama msichana anayeficha barua za mchumba. Ukweli ni kwamba bila kuku siku zilikuwa hazina mlango. Asubuhi hakuwa na wa kumfungulia, jioni hakuwa na wa kumfungia, na katikati ilibaki saa ya ukutani ikijisemea yenyewe. Siku ya kumi alipiga simu akaagiza.

Binti wa kampuni alimweleza kwa upole kwamba hawatumi chini ya vifaranga ishirini na watano, kwa sababu ndani ya sanduku hupeana joto. Verna aliyajua hayo kabla mama yake binti huyo hajazaliwa. Alijua pia kwamba kifaranga, kabla ya kutoka gandani, humeza kiini kilichobaki, na kwa akiba hiyo huweza kukaa siku tatu bila chakula wala maji. Ndiyo maana husafirishwa kwa posta kama barua. Lakini siku tatu ni tatu. Ya nne ni ya mazishi. Aliulizwa anwani, akaitaja. Aliulizwa namba ya simu, akaitaja pia, haraka haraka kama sala ya kabla ya kula.

Tangu hapo uongo ukaanza kuhitaji matunzo kuliko hata kuku. Kila Jumapili baada ya ibada Merlin alipiga simu, na kila Jumapili mama yake alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alipoulizwa ameshindaje, alisema anafuma blanketi. Merlin, ambaye hajawahi kufuma hata fundo moja, hakushangaa mtu anafumaje ilhali mkono mmoja umo ndani ya plasta. Aliuliza tu rangi yake.

"Njano," alisema Verna.

Alipoulizwa limefikia wapi, alijibu kuwa bado liko njiani.

Wakati huo alikuwa akisafisha chumba cha zamani cha kufulia, kwa kuwa banda la kuku lilikuwa mbali na njia yake ilikuwa na barafu. Hata mwongo ana akili zake. Alimwaga maranda sakafuni, akaning'iniza taa ya joto, akatia gololi katika visahani vya maji ili kifaranga asije akazama. Gunia la chakula alilikokota kwa kamba kwa mkono mmoja, akilibembeleza na kulitukana kama ndama mkaidi.

Ilipangwa kwamba vifaranga waanguliwe Jumanne na kufika Alhamisi. Kule Skarvik, karani wa posta, LaVonne, humpigia simu mwenye vifaranga kabla hata hajafungua dirisha la wateja, maana sanduku lile halinyamazi, na mtu hawezi kupanga barua huku analiliwa. Kwa hiyo Alhamisi saa kumi na moja alfajiri Verna alikuwa ameketi jikoni na koti lake na kofia yake, simu shingoni. Saa kumi na mbili ikafika, kisha saa moja. Hata saa mbili ilipogonga, simu ilikuwa kimya.

Alitamani kuipigia posta, lakini LaVonne ana sauti kama kengele ya kanisa, na saa zile nusu ya mji huwa pale wakichukua barua zao. Habari ingemfikia Merlin kabla ya chakula cha mchana. Nje upepo ulikuwa ukitoka kaskazini, na maji ya matone yalikuwa yameganda kwenye mapaa. Verna alihesabu vidoleni: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Saa mbili na nusu uvumilivu ukamwishia. Akachukua funguo za gari, ingawa daktari alimkataza kuendesha, akaketi ndani karibu na mlango kuvaa mabuti. Buti moja lilikuwa mguuni na jingine mkononi simu ilipolia.

Hakutafuta miwani. Aliibonyeza akasema, "LaVonne, wangapi wako hai?"

Sauti ya kiume ikauliza, "Nani wako hai, mama?"

Damu ilimkimbia Verna mpaka kwenye lile buti. Alhamisi si Jumapili. Merlin hakuwa na haki ya kuwemo ndani ya simu siku ile.

"Wajane," alisema. "Tunahesabu wajane wa kanisa, kwa ajili ya chakula cha Pasaka."

"Wako wangapi?"

"Si ndiyo nauliza?"

Merlin alisema yuko ofisini, kazi zimemfika shingoni, amechomoa dakika moja tu kumjulia hali. Akauliza kama kuna jipya nyumbani. Verna akasema jipya litoke wapi. Akauliza kama huko uani ni kimya. Verna, akizidi kujipalia makaa, akasema ni kimya cha makaburini, na kwamba sauti ya kuku ameshaisahau jinsi ilivyo.

Hapo ndipo alipoisikia. Ilitokea ndani ya simu, nyuma ya sauti ya mwanawe, nyembamba kama sindano.

"Ni nini kinacholia hapo ofisini?"

"Printa," alisema Merlin.

"Ndivyo inavyolia?"

"Imezeeka, mama."

Yeyote aliyelea vifaranga anajua kwamba wana milio miwili. Upo mnong'ono wa kushiba na kuota joto, unaofanana na wanawake wanaomenya maharage huku wakisengenya. Na upo mlio wa juu, mkali, unaokata, ambao maana yake ni baridi. Verna alikaza sikio. Haukuwa wa kwanza.

Alielewa mara moja mahali vifaranga walipo, ingawa hakuelewa wamefikaje huko. Bado alikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kukana: kampuni imekosea, imemtumia kwa mazoea ya miaka mingi, yeye hajui lolote. Merlin hakupenda ugomvi. Angeweza kukubali kudanganywa, na Verna angebaki na nyumba yake, jiko lake, dirisha lake. Kilichotakiwa ni kunyamaza kidogo tu. Lakini kukana vizuri huchukua muda, na ule mlio ulikuwa umeanza kupungua, jambo ambalo ni baya kuliko kupanda.

"Merlin," alisema, "hiyo printa yako inasikia baridi. Washa joto la gari mpaka mwisho, na uondoe sanduku karibu na mlango."

"Gari gani tena, mama? Nimekwambia niko ofisini."

Verna alikuwa ameshasimama, buti moja mguuni, akichungulia kupitia kioo cha mlango hadi mwisho wa njia ya kuingilia, penye kisanduku cha barua.

"Basi ilete hiyo ofisi hapa mlangoni," alisema. "Naiona. Imeungua taa ya kushoto."

Merlin aliingia amekumbatia sanduku la boksi lenye matundu, uso ameuinamisha. Mama yake hakumpa hata salamu. Walikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia, Verna akimshika kila kifaranga na kumchovya mdomo majini ili ajue maji ni nini, kisha akimwacha chini ya taa. Wakati wakifanya hivyo, mambo yakajulikana. Ile namba ambayo Verna alimtajia binti wa kampuni ilikuwa ya simu ya zamani ya nyumbani, aliyoitaja kwa miaka hamsini na miwili, na ambayo Merlin aliihamishia kwenye simu yake tangu Februari ili wauzaji wa vitu wasimsumbue mama. LaVonne alimwamsha kabla ya mapambazuko, akampigia kelele aje awachukue watoto wake. Akaja. Na alipofika kwenye kisanduku cha barua akasimamisha gari, akazima injini, akapiga simu.

"Nilitaka kuona utafika wapi," alisema.

"Umeshaona. Shika huyu."

Walikuwa ishirini na sita, kwa kuwa kampuni huongeza mmoja kwa ajili ya atakayefia njiani. Hakufa hata mmoja, ila yule wa mwisho alikuwa mlegevu kama uzi uliolowa. Merlin alimfunika kwa viganja viwili akampulizia pumzi, kama alivyofundishwa utotoni katika chumba hichohicho. Baada ya muda kifaranga akainua kichwa, akanyea mkono wa shati.

"Tulikubaliana, mama," alisema Merlin taratibu.

"Tulikubaliana," alisema Verna. Hakubisha. Aliketi juu ya gunia la chakula, na kwa mara ya kwanza tangu aanguke alionekana ana miaka themanini na mmoja. Alimwuliza chumba chenyewe ni namba ngapi.

Merlin aliangalia dari. "Kumi na nne."

"Dirisha linatazama wapi?"

"Mashariki, nadhani."

Verna aliitikia kwa kichwa. Jua la asubuhi ni kitu. Akavua simu shingoni, akavaa miwani, akasema atampigia msimamizi wa nyumba ile mwenyewe, amwombe siku mbili tatu mpaka hawa wapate kwao. Mtu mwenye adabu, akihamia mahali, hupiga hodi kwanza. Alibonyeza ya kwanza, akabonyeza ya pili.

"Mama, weka simu."

"Kwa nini? Jina langu si liko kwenye orodha?"

Merlin alimtazama kifaranga kiganjani, kana kwamba angemsaidia kujibu. Verna akabonyeza namba ya tatu.

"Hawatajua unazungumza habari gani," alisema Merlin. "Sijawahi kuwapigia. Nilitaka tu usitoke tena kwenye barafu ile."

Simu ikashuka polepole mpaka magotini. "Na kumi na nne?"

"Ni mlango wa daktari wangu wa meno."

Mwanamume wa miaka hamsini na sita alisimama katikati ya maranda, masikio mekundu kama kilemba cha jogoo, huku mama yake akimtazama juu ya miwani kwa furaha ambayo hakujaribu hata kidogo kuificha. Mmoja alikuwa ameanzia mwanzo wa njia na mwingine mwisho wake, kila mmoja akidhani anatembea peke yake, mpaka wakagongana vichwa juu ya sanduku la vifaranga. Kweli wahenga hawakukosea: njia ya mwongo ni fupi.