Magoti ya Bwana Kiboko

— Mko macho?
— Macho!
— Na masikio je?
— Yamesimama!
— Nina jambo mdomoni, linanichoma.
— Litupe huku tulidake!

Ukame uliingia, bwawa la wanyama likabaki tope. Ikabidi wachimbe mfereji kutoka mtoni, na msimamizi wa kazi alikuwa Kiboko. Hakushika jembe hata siku moja. Alisimama juu ya kichuguu akipiga kelele, "Chimba! Chimba!" Majembe yakaitika: ku! ku! ku! Mchana kila mchimbaji alipewa bakuli moja la uji. Kiboko alikunywa mabakuli manne, akalamba na sufuria.

Siku moja akamwona Bibi Kobe amesimama, kaegemeza sikio kwenye ukuta wa mfereji.

"Wewe bibi, unalala kazini?"

"Silali, bwana. Nasikiliza udongo. Hapa pana mchanga, tuweke magogo ya kuuzuia."

"Umezeeka. Toka!"

Kobe akadhani ni utani, akacheka. Kiboko hakucheka.

"Toka! Na wewe Punda mwenye mvi, toka! Na wewe Nungunungu unayekohoa, toka! Mabakuli yenu yaacheni hapa hapa."

Wanyama wakashika vinywa. Punda alikuwa amechimba tangu siku ya kwanza. Aliliegemeza jembe ukutani taratibu, akawafuata wenzake.

Mchana ule Kiboko alikunywa mabakuli saba.

Sasa, alikuwapo Pimbi, mdogo wa kutosha kulala ndani ya kapu. Alikuwa mzee kuliko Punda, lakini manyoya yake yalikuwa ya kijivu tangu kuzaliwa, kwa hiyo hakuna aliyejua. Akabaki na vijana.

Vijana walichimba haraka kweli: ku-ku-ku-ku! Pimbi akawakumbusha magogo, wakamwambia, "Yatatuchelewesha." Siku ya tatu, poromoooo! Ukuta ukaanguka. Ngiri, hodari wao, akafukiwa hadi shingoni.

"Nakufa jamani!"

Wakamvuta masikio, udongo ukazidi kushuka. Wakamkimbilia Kiboko. Akawajibu na uji mdomoni, "Chimbeni kwa pembeni. Mmoja si kitu."

Eh! Mmesikia? Mmoja si kitu! Swala akakaa chini pu.

Pimbi hakukaa. Alikimbia kuwaita wazee. Bibi Kobe angeweza kukataa, tena kwa haki. Alisema tu, "Punda, nibebe."

Alipofika akapaza sauti: "Acheni kumvuta! Magogo kwanza! Punda, sukuma huku. Nungunungu, shikilia hapo. Nyie vijana mna mikono, toeni udongo kwa juu. Polepole!"

Wazee wakaelekeza, vijana wakachimbua. Ngiri akatoka anatweta, mzima.

Kiboko akaja. Hakumtazama hata Ngiri. "Nani kawaruhusu hawa wazee kurudi?"

Pimbi akainama kwa adabu.

"Ni kosa letu, Bwana Mkubwa. Tena nadhani wamo wazee wengine wamejificha hapa. Kipimo kipo: magoti. Mzee akichuchumaa, magoti humlia ko!"

Kiboko akawaza mabakuli. "Kesho asubuhi tupimane! Ambaye magoti yatamlia, anatoka."

"Hata akiwa nani?"

"Hata akiwa nani!"

Kabla ya kupambazuka Pimbi alipanga vijiti vikavu juu ya kichuguu, akavifunika nyasi.

Asubuhi wakapanga mstari. Swala akachuchumaa: kimya. Ngiri akachuchumaa: kimya. Pimbi akachuchumaa polepole: kimya.

"Sasa Bwana Mkubwa, tuonyeshe kijana anavyochuchumaa."

Kiboko, juu ya kichuguu chake, akatanua kifua, akachuchumaa.

KO! KO! KWAAA!

Kiboko akajishika goti moja, akajishika la pili. Macho yakamtoka.

"Mimi? Nimezeeka lini?"

Akaliacha bakuli lake hapo hapo, akaanza kuondoka, machozi yakimdondoka matone makubwa kama mayai. Wanyama walidhani watashangilia. Hawakuweza.

Ndipo Bibi Kobe, aliyekuwa akitazama kando na wazee wenzake, akaita: "We! Unakwenda wapi? Kingo zinataka mtu mzito wa kuzishindilia. Panda juu, tembea."

Kiboko akageuka, haamini. Akapanda ukingoni. Dindi! Dindi! Dindi! Vijana wakachimba, Punda na Nungunungu wakapanga magogo, Kobe akasikiliza udongo. Siku ya tisa maji yakaingia bwawani: shwaaa! Mchana ule Kiboko alipewa bakuli moja. Akanywa, akasema ahsante, na hilo liliwashtua kuliko yote.

Funzo lake, watoto: msiwadanganye wakubwa wenu wa kazi. Pimbi alidanganya, na mpaka leo anajuta sana, kalala juu ya jiwe, anaota jua.

Nimeutua mzigo wangu hapa. Mwenye kichwa kigumu ajitwike, aende nao kwao.