Msiba Uliochimba Lambo

Hapo zamani, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakaoana na kutembeleana, Pimbi aliishi na mkewe, Bi Mashavu, na watoto wao kwenye mawe ya kilima kikavu. Pimbi mnamjua? Mdogo, mnene, mkia hana. Lakini msimcheke bado.

Pimbi alikuwa mtu wa watu. Muhanga akiugua, Pimbi huyo na uji. Ngiri akiozesha binti, Pimbi ndiye anayepuliza moto wa pilau mpaka macho yamwive. Na palipotokea msiba, hata ng'ambo ya mto, alikuwa wa kwanza kushika jembe na wa mwisho kuondoka.

"Unajichosha bure, bwana mdogo," jirani yake Nyati alimwambia. "Mimi nguvu ninazo. Watu wa nini?"

Mwaka ule jua likakausha visima vyote vya kilimani, na mto uko mbali. Mzee Tembo, mkuu wa kilima, akaita mkutano.

"Tunachimba lambo la kukinga maji ya mvua," akasema. "Waliojitokeza ni Nyati na Pimbi. Kila mmoja atachimba upande wake kuanzia kesho asubuhi, na wasaidizi ruksa. Adhuhuri nitapima. Mwenye shimo la kina zaidi ndiye atakuwa mlinzi wa maji."

Nyati akamwinamia Pimbi. "Nikiyapata mimi maji hayo, wenye miguu mifupi mtahama. Kafunge mizigo."

Pimbi akarudi nyumbani anawaza njia nzima. Watoto wake wataishi wapi? Marafiki alikuwa nao tele, lakini Muhanga alikaa mbugani, Ngiri bondeni, Fuko ng'ambo ya mto. Kwa miguu yake ile, jua lingetua hajafika hata kwa Ngiri.

Akachungulia nje. Nyati alikuwa amejibanza nyuma ya mwamba, masikio kayatega. Hapo Pimbi akapaza sauti.

"Mke wangu, kesho rafiki zangu watakuja kunichimbia. Naogopa kitu kimoja tu."

"Kitu gani, baba watoto?"

"Mtu asije akawaambia nimekufa. Nani atatoka kwake kumchimbia lambo maiti? Tutakuwa tumekwisha."

Bi Mashavu akamtazama mumewe, akaelewa. Akaziba mdomo kwa upindo wa kanga asicheke. "Usiseme kwa sauti, mume wangu. Nyati akisikia, je?"

Nyati alikuwa keshasikia. Tifu, tifu, tifu, vumbi likatimka. Kutwa nzima alikimbia, mbugani, bondeni, akajitosa mtoni chubwi na kuibukia ng'ambo. Kila mlango alisema yale yale: "Pimbi amekufa asubuhi hii. Basi kila mtu abaki kwake."

Sasa niambieni nyie, nani kwetu anasikia kifo akabaki kwake? Lakini Nyati angejuaje? Aliona Ngiri anaangua kilio, akadhani kazi imekwisha.

Asubuhi Nyati akaanza kuchimba, miguu imemvimba kwa safari ya jana. Pimbi alikuwa upande wake, peke yake, anaparuaparua udongo.

Mara kilio kikasikika. Muhanga mbele na jembe lake, maana yeye ndiye mchimba makaburi wa nchi nzima. Fuko na sururu. Ngiri na wanawe, wamebeba makarai. Ndege Kanga na chungu cha maji kichwani, kwa ajili ya wafiwa. Wote wanamlilia Pimbi wao.

Pimbi akapanda juu ya jiwe. "Nipo hai, jamani."

Chungu cha Kanga kikaanguka, pwaa.

"Nyati alituambia umekufa," Muhanga akasema. "Nimelia tangu jana."

"Nisameheni, ndugu zangu. Miguu yangu isingewafikia. Ya Nyati imewafikia. Nikishindwa leo, watoto wangu hawana pa kukaa."

Kanga akamchapa kofi la mgongo. "Utakuja kutuua kwa presha, mjinga wewe." Kisha akacheka, na wengine wakacheka, huku machozi hayajakauka.

Muhanga akatema mate viganjani. "Nilikuja kuchimba. Kaburi au lambo, udongo ni ule ule."

Basi, chaka, chaka, chaka. Majembe yanapanda, makarai yanatoka, na Pimbi katikati yao anatamba. Alijivuna siku ile, na nasema alikuwa na haki ya kujivuna.

Adhuhuri Mzee Tembo akaja kupima. Shimo la Nyati lilimfika gotini. Kwenye shimo la Pimbi aliteremsha mkonga wote, asiguse chini.

"Lakini niliwaambia amekufa," Nyati akalalamika. "Mbona wamekuja?"

Mzee Tembo akamgeukia. "Nyati, hivi wewe hujawahi kwenda kumzika mtu?"

Nyati akainamisha pembe zake.

"Maji utakunywa, jirani," Pimbi akamwambia. "Ila msiba wowote ukitokea, uje na jembe."

Wanangu, ukiwaendea watu siku yao, nao watakujia siku yako.