Lisilotoka Limo Ndani

Chikoti, tajiri wa kiwanda cha ngozi, alitakiwa na serikali abandike getini tangazo la sumu aliyomwaga mwaka mzima.

"Andika hakuna," alimwamuru karani wake Siwatu, ambaye kwao walichota maji ya mto uliopita nyuma ya kiwanda.

"Hata tone, bosi?"

"Hata tone!"

"Na zile dawa kali za kulainishia ngozi zilizoingia, niandike ngapi?"

"Mapipa mia tatu. Hiyo si siri."

Asubuhi wafanyakazi wakasoma tangazo, wakagoma palepale getini. "Mapipa mia tatu yameingia, halijatoka hata moja! Tukanyage wapi?" Zimamoto wakaja wakazungusha utepe. Mkewe Chikoti akapiga simu: asithubutu kurudi nyumbani na nguo zile za kiwandani.

Chikoti akaparamia geti. "Ingieni jamani! Haki ya Mungu, yote nimeyamwaga mtoni!"

"Taratibu, bosi," alisema Siwatu, kalamu mkononi. "Yote mia tatu?"