Mwanzo wa Ukili

Sogeeni karibu. Nyinyi wa mlangoni ingieni ndani, kaeni hata chini, sakafu imefagiliwa. Mwenye simu aiweke mfukoni, mwenye mtoto anayelia ampakate. Sauti yangu si ile ya zamani, na jambo hili sipendi kulisema mara mbili. Tunyamaze kidogo.

Haya. Mwanamke mmoja alikuwa na ufundi wa kusuka mikeka, wala hakuwa mchoyo nao. Aliitwa Bi Mwatumu. Wakati huo nyumba ya makumbusho ya mji wetu ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, katika lile jengo lililokuwa ghala la pamba, na harufu ya pamba haijatoka kwenye kuta. Wenye makumbusho wakasema vitu vya wazee wamekwisha kuviweka kwenye makabati, lakini kazi ya mikono yao haiingii kabatini. Wakamwomba Bi Mwatumu afundishe. Kila Jumamosi asubuhi familia zije, mzazi na kijana wake, wakae chini wasuke. Mwisho wa yote utashonwa mkeka mmoja mkubwa, utandikwe ukumbini, uwe wa mji mzima.

Asiyejua kusuka nimweleze. Ukindu, yaani jani la mkindu, unachanwa chane nyembamba, unatiwa rangi, unasukwa ukanda mwembamba unaoitwa ukili. Kisha kili zinalazwa ubavu kwa ubavu, zinashonwa, unapata mkeka. Kusuka katikati ni kuzoea tu. Mkono ukishaijua njia unakwenda wenyewe, na mdomo unabaki huru kusema ya watu. Kazi iko mwanzoni. Pale chane zote ziko huru, hakuna inayoshika nyingine, ukibana hii ile inateleza, na hazitulii mpaka ya mwisho ipite mahali pake.

Bi Mwatumu alituhurumia sisi wanafunzi wake. Alikuja kabla ya milango kufunguliwa, akatuanzia sote. Ukifika unakuta ukili wako umekwisha kushikana, urefu wa kidole, umelazwa juu ya jamvi unakungoja. Tukamwombea dua kwa wema huo. Na yeye alifurahi kuona tunavyomngojea. Sasa nimezeeka, naweza kulisema hilo bila kumsengenya.

Nazikumbuka zile Jumamosi. Namsikia Bi Mwatumu, "Kaza, mwanangu, mkeka si wavu wa samaki." Nawasikia wanawake wakicheka, na vijana wakitusahihisha mama zao, "Siyo hivyo, mama, umeruka moja." Adhuhuri kili zilipimwa, na uliozidi zote kwa urefu ulitundikwa ukutani pamoja na jina la familia. Wa kwangu na mwanangu ulitundikwa mara tatu. Nilikuwa napita mbele yake polepole.

Alikuwapo binti mmoja wa miaka kumi na minne, Siwema, akija na mama yake, Bi Zaina. Huyu alikuwa akisuka kidogo, anageuza, anatazama, halafu anafumua. Wenzake wamesuka urefu wa mkono mzima, yeye wa vidole vinne. Jumamosi ya pili akafumua. Ya tatu akafumua mpaka ule mwanzo wenyewe wa Bi Mwatumu ukaachana, chane zikamwagika mapajani. Mama yake akampiga kibao cha mkono mbele za watu, akaushika uso wake mwenyewe kwa aibu.

"Zaina, hilo lako ni fundi wa kubomoa," nikasema. Ndiyo, mimi huyu. Watu wakacheka, na mimi nikapenda walivyocheka.

Bi Mwatumu alimwanzia tena, na binti akafumua tena. Mara ya tatu yule mwalimu mpole akachoka. Akasema ukindu wa watu unapotea bure, Siwema akae kwenye benchi atazame wenzake. Akakaa benchi Jumamosi nne. Alikuja na mama yake kila mara, mikono mapajani, na vidole havikutulia.

Kisha Bi Mwatumu akapatwa na maradhi. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi nao ukawa mzito, maneno yakaja hayana umbo. Jumamosi iliyofuata tukafika kama kawaida. Ukindu upo, umechanwa, umetiwa rangi. Kwenye majamvi hakuna kitu.

Tulikuwa familia ishirini. Tukakaa chini kwa ujasiri wote wa watu waliosuka miezi miwili. Mimi nikashika chane zangu, nikazilaza, nikabana; zikateleza. Nikazilaza tena. Nikamtazama jirani yangu ili nimwige, kumbe naye ananitazama mimi. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Tukagundua tunajua kuendelea tu.

Mwana wa Bi Mwatumu alikuwa amemleta mama yake kwenye kiti, akae awaone wanafunzi wake. Akaona. Akaukunjua mkono wa kushoto, akajaribu kuonyesha, chane zikamponyoka. Akafungua kinywa, likatoka lile neno lisilo na umbo. Machozi yakamshuka, na tulijua sababu. Hayakuwa ya maradhi. Mama yake alimpa kitu hicho, ule mwanzo wa ukili, naye alipewa na mama yake, na sasa kinakatika mikononi mwake mbele ya macho yake, wala hakuna aliyekiiba.

Siwema akatoka kwenye benchi. Hakuomba ruhusa. Akapiga magoti karibu na kile kiti, akazitia maji chane saba, akazilaza, akabana kwa kidole gumba, akapitisha ya mwisho. Zikashikana.

Bi Zaina akauliza kwa sauti ndogo, "Nani alikufundisha?"

Binti hakumtazama mama yake, alimtazama Bi Mwatumu. Akasema, "Nilikuwa nafumua, bibi, nione ulipoanzia."

 Bi Mwatumu akanyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea ukutani, kwenye ukili mrefu kuliko zote, wenye jina la familia yangu. Mwanawe akautungua, akampa. Bi Mwatumu akauweka mapajani mwangu, nami nimekaa chini karibu na kiti chake, akafanya ishara ya vidole ambayo hata mtoto angeielewa. Fumua.

Nikafumua. Fahari yangu ya Jumamosi tatu niliirudisha nyuma chane kwa chane mbele za watu, mpaka nikafika kwenye urefu wa kidole ambao haukuwa wangu, nikaufumua na huo, polepole, macho yangu yakiwa wazi. Na wenzangu wakafumua za kwao. Siwema akawa anazunguka, jamvi hadi jamvi, akitushika vidole sisi wenye umri wa mama zake. Wengine tuliweza siku ile, wengine ilichukua mwezi.

Mkeka ukashonwa. Uko ukumbini mpaka leo, na unaruhusiwa kuushika. Ukingo wake mmoja umenyooka. Ule mwingine, ulio upande wa mianzo, umepinda, kila familia imepinda kwa namna yake. Bi Mwatumu aliwahi kuupitishia mkono wake mzima, ukingo ule uliopinda, kutoka pembe hadi pembe, kabla hajatuacha.

Nanyi mlio wazazi nawauliza: ni mangapi mmewaanzia watoto wenu kwa huruma, hata siku mikono yenu ikifa hawatajua pa kushika?

Baada yake, kiti kilikwenda kwa mwanawe. Kisu cha kuchania alipewa Bi Zaina, aliyempiga mtoto kibao. Sindano ya kushonea ilichukuliwa na makumbusho, iko ndani ya kioo. Sisi tuliocheka tulirithi ule ukingo uliopinda. Na Siwema alirithi mwanzo; kila Jumamosi anauweka mikononi mwa watu ukiwa haujashikana.